Mrehani wa Wapi?

Hotuba kwa wakulima wa viungo, wapika mafuta na wanafunzi wa kemia, Pemba

Asalaam alaykum wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu, na nyinyi wanafunzi mliojibanza huko nyuma. Sogeeni mbele, viti vipo, na leo nitazihitaji pua zenu.

Kabla sijaingia kwenye maneno, kuna kazi ndogo. Hii ni karatasi nyeupe ya kawaida, ya kuandikia mtihani. Natia matone matatu. La kwanza ni mafuta ya nazi, nimeyachota jikoni kwa mama. La pili ni mafuta ya mrehani niliyopika mwenyewe juzi. La tatu linatoka kwenye kichupa nilichonunua wiki iliyopita, duka nitalisitiri. Kibandiko kimeandikwa mafuta halisi ya mchaichai. Karatasi naianika hapa dirishani, upepo uipige. Tutairudia.

Nimeanza na karatasi kwa sababu jina la mafuta haya limeharibiwa. Mkifungua simu mtayakuta yanaitwa "mafuta muhimu". Muhimu kwa nani? Mtu alikuta neno la kigeni linalohusu kiini, ile roho ya mmea inayopanda na mvuke, akalisoma kama neno la umuhimu, na wengine wakamfuata bila kuuliza. Wazee wetu walisema mafuta ya kunukia, na wakatosheka. Vitabu vya kemia vinasema mafuta tete, yaani yanayoruka. Mafuta ya nazi hayaruki, ndiyo maana kanga ikidondokewa inabaki na doa hadi uifue kwa sabuni. Haya ninayoyazungumza leo yanaruka, na kwa kuwa yanaruka yanafika puani. Kama hayaruki huyanusi.

Sasa niwasimulie nilivyoaibika.

Miaka kadhaa nyuma nilimpata mnunuzi wa bara aliyetaka mafuta ya mrehani kwa ajili ya sabuni. Nikaona rizki imebisha hodi. Nilikusanya majani pande tatu: mengine uani kwetu, ule mrehani ambao mama zetu hutilia kwenye kikuba pamoja na asumini na langilangi, mengine kwa jirani ambaye mbegu zake zililetwa na shemeji yake kutoka Ngazija, kule Komoro, na mengine nilimpa kijana wa baiskeli hela akaniokotea yaliyojiotea pembezoni mwa njia. Yote nikayashindilia kwenye pipa moja. Kilo kama 200 za majani mabichi, na mwisho wa siku nikapata mafuta yasiyojaza chupa ya soda. Nilifurahi hata hivyo. Nikayafunga, nikayapeleka bandarini.

Baada ya wiki tatu nikapigiwa simu. Hakunisalimia. Aliuliza tu: "Huu mrehani wa wapi?"

Nilidhani ananiuliza kijiji. Alikuwa anauliza swali la kemia, na mimi niliyesomea kemia sikulielewa! Alitaka mafuta yenye linaloli kwa wingi, harufu ile laini yenye ua ndani yake. Maabara yake ilikuta zaidi ya nusu ni estragoli, ambayo inanukia kama shamari. Vyote viwili ni mrehani halali. Mtaalamu wa mimea angeangalia majani na maua ya kila upande akaandika jina lile lile, Ocimum basilicum, na asingekosea. Aliyekosea ni mimi, niliyedhani jina la mmea linatosha kuwa jina la mafuta.

Hili ndilo nililokuja kulisema leo. Mengine yote nitakayosema yanalizunguka hilo.

Chukueni jani la mrehani, yapo kwenye sinia linalopita. Msilifikiche kwanza. Wenye vioo vya kukuzia, vile vya kukuza mara kumi, litazameni upande wa chini. Mtaona vidoti vinavyometa, kama matone ya umande yaliyosahau kukauka. Kila kidoti ni kifuko, kina seli chache zinazofanya kazi chini na kiroba cha mafuta juu chenye ngozi nyembamba mno. Sasa fikicheni. Hiyo harufu mnayoisikia ni viroba vinavyopasuka. Mnanaa, mrehani, kivumbasi, rozimari, zote za ukoo huu huweka mafuta nje, juu ya ngozi ya jani. Karafuu ni tofauti, yenyewe huyazika ndani. Ndiyo maana ukipitisha mkono juu ya kichaka cha mrehani unanukia hadi jioni, lakini karafuu mpaka uiminye kwa ukucha.

Ndani ya vile vidoti mna karakana mbili. Ya kwanza inajenga kwa vipande vya kaboni tano tano. Ukiunganisha vipande viwili unapata kaboni kumi, na hizo tunaziita monoterpini: linaloli, limonini ya ganda la chungwa, sineoli ya mkaratusi, kafuri. Vitatu vikiungana unapata kaboni 15, sesikwiterpini, nzito zaidi na huchelewa kuruka. Mjerumani Otto Wallach alitumia miaka mingi kuonyesha kwamba mafuta haya, yaliyokuwa na majina mamia kwa mamia, yana familia chache tu za molekuli zinazojirudia. Inasimuliwa kwamba alianza na kabati la chupa zilizosahauliwa katika chuo kikuu cha Bonn, hakuna aliyetaka kuzigusa. Mwaka 1910 akapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Kwa hiyo nyie wanafunzi mnaoona kabati la shule yenu limejaa chupa zenye vumbi, msizidharau, ila msizifungue bila mwalimu.

Karakana ya pili haihesabu tano tano. Inaanza na fenilalanini, asidi ya amino ile ile inayopatikana kwenye maharage mliyokula mchana, na inaivua na kuivisha mpaka inatoka eujenoli ya karafuu, au estragoli, au sinamati ya methili yenye utamu kama wa stroberi. Hapa pana mtego ninaoupenda. Estragoli nayo ina kaboni kumi, sawasawa na linaloli. Anayehesabu kaboni peke yake atasema ni ndugu. Si ndugu hata kidogo. Ni kama watu wawili wenye urefu sawa waliokutana kwenye foleni ya boti.

Basi mrehani mmoja mmoja huamua, kwa urithi wake, ni karakana ipi ifanye kazi zaidi na bidhaa ipi itoke mwisho. Uko mrehani wa linaloli, ndio ule wanaoupenda Ulaya. Uko wa estragoli, ambao katika biashara umezoea kuitwa wa Réunion au wa Komoro, na ndio uliokuwa kwa jirani yangu. Estragoli peke yake inaweza kupita asilimia 70. Uko wa sinamati ya methili, na uko wa eujenoli. Kwa macho huwezi kuwatenganisha. Wanakemia wanauita kila mmoja kemotaipu, na mimi nyumbani nasema kabila la harufu, ingawa wenzangu chuoni hawalipendi neno hilo.

Mama mmoja pale anatikisa kichwa, anasema yeye anautambua wake kwa pua. Ni kweli mama, sikubishii. Pua ya mama aliyefunga vikuba miaka 40 inaushinda mtambo wangu kwa mambo mengi. Lakini pua haiandiki asilimia kwenye cheti.

Nihame kidogo bustanini, tuende porini.

Huko tunakutana na kivumbasi. Kwanza jina lenyewe ni tatizo, maana watu huita kwalo zaidi ya mmea mmoja. Mimi nausema ule mrefu, wenye shina gumu, unaofika kiunoni au kifuani, Ocimum gratissimum. Toka zamani watu wa Afrika Mashariki huchoma majani yake jioni kufukuza mbu, au huyafikicha wakaning'iniza mlangoni. Kivumbasi kilichochunguzwa huku kwetu Afrika Mashariki mara nyingi hukutwa kimejaa eujenoli, kile kile kinachofanya karafuu iwe karafuu. Fikichia mtu macho yamefumbwa, atakwambia ni karafuu. Ukienda Nigeria, mmea wa jina hilo hilo mara nyingi unatoa thimoli, inayonukia kama dawa ya kusukutua mdomo. Uko pia wa geranioli, unaoelekea kwenye waridi.

Mkulima anayenisikiliza ajiulize: kama rafiki yako wa Lagos anakwambia kivumbasi chake kinatibu ukungu kwenye nafaka, na wewe unakata cha Pemba ukategemea matokeo yale yale, umechukua dawa ya nani?

Halafu kuna saa. Mwaka 1999 watafiti wa Brazili waliripoti kwamba katika majani ya kivumbasi hiki eujenoli ilikuwa asilimia 98 ya mafuta saa sita mchana, na ilipofika saa kumi na moja jioni imeshuka hadi asilimia 11. Mimi kwa kusema kweli takwimu hizo zinanipa mashaka. Tofauti kubwa hivyo ndani ya saa tano, kwenye mmea unaohifadhi mafuta ndani ya viroba vilivyofungwa, ningependa kuiona ikirudiwa na watu wengine, mahali pengine, miaka tofauti. Lakini hata ukikata nusu ya tofauti hiyo, inatosha kumwambia mvunaji: andika saa. Daftari la shilingi mia chache, kalamu, tarehe na saa.

Sasa, kwa nini mmea wa porini utofautiane namna hii? Mfano ninaoufahamu vizuri kuliko yote hauko kwetu, uko kusini mwa Ufaransa, jirani na Montpellier. Huko vilimani huota thaimu, kichaka kifupi chenye majani kama punje za mchele. Wenye ndugu Oman watanielewa nikisema ni jamaa wa zaatari. Katika eneo ambalo ungelizunguka kwa gari nusu siku, thaimu hiyo moja ina makabila ya harufu sita: thimoli, karvakroli, linaloli, geranioli, terpinioli na thuyanoli. Na hayakutawanyika ovyo. Kwenye miteremko yenye joto na ukavu utakuta ya thimoli na karvakroli, yale makali yanayochoma ulimi. Kwenye bonde la Saint-Martin-de-Londres, ambako baridi ya usiku hutuama kama maji kwenye bakuli, utakuta yale mapole.

Ukali una faida. Konokono na wanyama wanaokula majani huuogopa. Lakini mimea hiyo mikali haivumilii baridi kali ikija ghafla mwanzoni mwa kipupwe, inakufa. Kwa hiyo juu kwenye joto mkali anashinda, bondeni mpole anashinda. Watafiti walipima maeneo hayo miaka ya 1970, wakarudi zaidi ya miaka 30 baadaye kwenye sehemu zile zile. Katikati hapo baridi kali za kuua zilikuwa zimepungua. Wakakuta mikali imeanza kushuka bondeni, mahali ambapo zamani haikuwepo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Mimi niliposoma niliacha chai ikapoa. Mabadiliko ya tabianchi tumezoea kuyapima kwa mvua na kwa bahari inayokula ufukwe, hawa wenzetu waliyanusa.

Ndiyo maana siafiki wanaosema cha porini siku zote ni bora, "kina nguvu zaidi". Cha porini kina aina nyingi zaidi, hilo ndilo ninaloweza kulithibitisha. Aina nyingi ni hazina kwa anayetafuta mbegu, na ni maafa kwa anayemuahidi mteja chupa mia zinazofanana. Na cha shambani hakina udhaifu wowote wa asili. Kina ufanano, kama umekipanda kwa akili. Mrehani ukiuacha utoe mbegu karibu na mrehani mwingine, nyuki watafunga ndoa bila kukuuliza, na msimu ujao unavuna watoto usiowajua. Kivumbasi hakisumbui: kata tawi, lichomeke ardhini, limwagilie, na tawi ni mama yake mtupu. Ukipata kichaka kimoja porini chenye mafuta unayoyataka, hicho kimoja ndicho shamba lako. Huna haja ya kufyeka vingine vyote.

Wenzetu wa Kakamega, magharibi mwa Kenya, walilifanya hili kabla yetu. Msitu wa Kakamega ulikuwa unakatwa, watu wanahitaji kuni na wanahitaji dawa. Pale kuna mmea uliopewa jina la mlima wetu, Ocimum kilimandscharicum. Ukifikicha jani lake utasikia harufu mnayoijua vyema, na kwa bahati mbaya mnaijua kutokana na misiba: karafuu maiti. Kiswahili hapa kina utani wake, kwa maana karafuu maiti haina uhusiano wowote na karafuu, ni kafuri, na kafuri ndiyo inayotawala mafuta ya mmea huo. Kikundi cha wakulima cha Muliru, kikishirikiana na wanasayansi wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, kiliuhamisha mmea mashambani, kikajenga mtambo wa kupikia, na kikatoa balamu ya kuchulia mafua na maumivu iitwayo Naturub. Mwaka 2010 wakapata Tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Waliosema mmea wa msituni hauwezi kulimwa walikuwa wengi, nadhani.

Anayetaka kuupika mmea huo nimtahadharishe, maana nilijifunza kwa shida. Kafuri si kama mafuta mengine, inapopoa inaganda. Bomba lako la kupoozea likiwa baridi sana, fuwele nyeupe zitajipanga ndani yake kama chumvi kwenye kingo za bwawa la kuanikia, na bomba litaziba. Mvuke hautakuwa na pa kutokea. Nilisikia pipa linaguna, nikadhani ni moto. Nilipopunguza kidogo maji ya kupoozea, kitu kikatoka "pu", na sakafu ikawa nyeupe. Nilinukia msiba wiki nzima, hata majirani walinipa pole.

Hapo ndipo nifafanue mvuke wenyewe, kwani vijana wengi huniuliza. Eujenoli huchemka kwenye nyuzi 254, linaloli 198. Maji huchemka kwenye nyuzi 100. Inakuwaje basi mvuke wa maji ya nyuzi 100 ubebe kitu kinachochemka kwenye 254? Fikirieni mlango mzito unaofungukia nje, na hewa ya dunia inausukuma kwa upande wa pili. Maji yanausukuma peke yake, na yakifika nyuzi 100 yanaufungua. Mafuta nayo yako ndani, hayachanganyiki na maji, na yanatia bega lake dogo. Mabega mawili kwenye mlango mmoja: unafunguka kabla ya nyuzi 100, na wote wawili wanatoka. Hakuna kinachounguzwa. Hii ndiyo siri yote ya pipa, iwe la kijijini au la kiwanda cha makonyo, vile vijiti vya karafuu, pale Wawi.

Ila mlango haufunguki kwa wote sawa. Wepesi hutoka mapema. Mlangilangi wa Komoro hupikwa kwa muda mrefu sana, huweza kukaribia siku nzima, na mpishi hubadilisha chupa njiani. Chupa ya mwanzo inakwenda kwa wenye manukato ya bei, ya mwisho inakwenda kwenye sabuni, ua likiwa lile lile moja. Kwa hiyo mtu akizima moto mapema kwa sababu kuni zimemwishia, asiseme amepika mrehani. Amepika mwanzo wa mrehani.

Na mvuke haubebi kila kitu. Nasema hili kwa wale wanaouza vichupa vya mafuta ya pakanga kwa maneno kwamba yanatibu malaria. Artemisinini, dawa iliyompatia Tu Youyou wa China Tuzo ya Nobel mwaka 2015, hupatikana kwenye jamaa wa pakanga aitwaye Artemisia annua, na haipandi na mvuke. Inabaki kwenye majani ndani ya pipa, ile takataka unayomwagia migomba. Ndani ya kichupa mna harufu ya dawa, dawa yenyewe haimo. Mtoto ana homa, anapimwa, anapewa dawa hospitali, basi.

Nimefika nyumbani sasa, kwenye karafuu, na hapa najua nusu yenu mnajua kuliko mimi.

Mkarafuu mmoja unatoa mafuta matatu. Kutoka kwenye karafuu kavu yenyewe, ile iliyochumwa ikiwa imeanza wekundu na kabla haijafunguka, unaweza kupata mafuta asilimia 15 hadi 20 ya uzito, kiasi ambacho mimea michache sana duniani inakifikia. Kwenye makonyo ni kama asilimia tano au sita. Kwenye majani ni mbili au tatu. Yote matatu yamejaa eujenoli, kwa hiyo tapeli hupata mwanya: anachukua mafuta ya majani au ya makonyo, anayauza kwa bei ya mafuta ya karafuu. Ukipima eujenoli peke yake hutamkamata, pengine ya makonyo yatakuwa na eujenoli nyingi zaidi! Anayemuumbua ni asetati ya eujenoli. Iko kwa wingi kwenye karafuu yenyewe, na kwenye makonyo na majani ni kidogo sana. Ikikosekana, mtu amedanganya, na hana pa kujificha.

Kuna jambo lingine kuhusu mafuta haya ambalo huwa nawaonyesha watoto, na leo nawaonyesha watu wazima. Hizi bilauri mbili zina maji. Hapa natia mrehani: yanaelea juu, kama mlivyotarajia. Hapa natia ya karafuu. Tazameni. Yanazama. Yamekaa chini kama asali. Mafuta mazito kuliko maji! Mpishi asiyelijua hili anasubiri mafuta yaelee, anaona juu hapana kitu, anamwaga. Nimeshuhudia mtu akimwaga kazi ya siku mbili mtaroni.

Na tafadhali msipike karafuu kwenye pipa la chuma tupu. Eujenoli ikikutana na chuma chenye kutu inageuka rangi, inaelekea zambarau, kisha nyeusi. Shaba au chuma kisichoshika kutu. Wala msiyahifadhi kwenye vikombe vya plastiki laini, yatavitafuna. Chupa ya kioo cheusi, ijazwe hadi shingoni, iwekwe kivulini.

Mtambo unaotoa asilimia hizi unaitwa kromatografia ya gesi. Ndani yake mna bomba jembamba, upana wake wa ndani robo ya milimita, urefu mara nyingi mita 30, limekunjwa kama kamba ya jahazi. Mafuta yanaingia upande mmoja kama umati, na yanatoka upande wa pili mmoja mmoja. Lakini mtambo huo nao una upofu wake. Chukueni nanaa na kisibiti, nimevileta, nuseni. Havifanani hata kidogo. Kinachotawala harufu ya vyote viwili ni karvoni, molekuli ile ile, atomi zile zile, isipokuwa moja ni kioo cha nyingine, kama kandambili ya kulia na ya kushoto. Bomba la kawaida halioni tofauti, linakuandikia karvoni na karvoni. Pua yako imeona papo hapo. Mama wa vikuba, nimekurudishia heshima yako.

La watoto silipiti kimyakimya. Mafuta haya ni mmea uliobanwa mara mia. Daktari wa meno huchanganya eujenoli na oksidi ya zinki kuziba jino, na anajua kipimo. Kijiko kimoja au viwili vya mafuta ya karafuu vimewahi kumlaza mtoto mchanga hospitali, ini likiwa limeumia. Kafuri ikinywewa, hata kijiko kimoja, inaweza kumtia mtoto degedege. Na kumpaka mtoto mchanga puani mafuta ya mkaratusi au ya mnanaa ili apumue kunaweza kumziba pumzi hiyo hiyo. Juu ya kabati, penye kufuli. Estragoli nayo, ile ya mrehani wa jirani yangu, ikitumika kwa wingi imesababisha saratani kwa wanyama wa maabara, na wanunuzi wa Ulaya wanaiuliza kwa ajili hiyo. Jani kwenye pilau halina neno. Kunywa matone ya mafuta yake kila asubuhi ni jambo jingine.

Mnataka kujua yule mnunuzi aliishia wapi. Aliyarudisha mafuta, nauli juu yangu. Mwaka uliofuata nilipanda mrehani wa uani peke yake, mbegu za kichaka kimoja, mbali na ule wa Ngazija, nikavuna ulipoanza kutoa maua, nikaandika saa. Nilipompelekea sampuli hakupiga simu. Alituma ujumbe wa maneno mawili: "Lete huo."

Haya, kijana, niletee ile karatasi. Inua juu, waione na wa nyuma.

Tone la nazi lipo, limetanuka, karatasi imekuwa kama kioo cha dirisha. La mrehani, pale nilipozungushia kalamu, hapana kitu, nusa uone hata harufu imebaki kidogo. Na hili la tatu, la mafuta halisi ya mchaichai… Lipitishe kwa mzee pale mbele, alishike kwa kidole. Limefanya doa, eh? Sawasawa na la nazi.

Maswali.